Taa ya chooni inahitaji intaneti? Mnawatania wazazi wetu!

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama ana miaka 78, anaishi peke yake na hataki kusikia habari ya kuhamia kwa mtu. Sawa. Nikamfungia "nyumba janja": taa za kuwasha kwa sauti, kitasa cha namba, sensa ya kunijulisha akiamka usiku, na saa ya mkononi inayotambua akianguka.

Balbu zenyewe zinataka swichi ya ukutani isizimwe kamwe. Mama kazima swichi kila anapotoka chumbani tangu ujana wake, mkono unaenda wenyewe. Akishazima, balbu inapotea hewani, halafu akiiita, spika inamjibu eti kifaa hakipatikani. Nikabandika plasta juu ya swichi. Juzi nimeikuta imebanduka kona moja, kuna alama ya ukucha. Chini ya mto kuna tochi. Hapo mkosaji ni mama?

Wiki iliyopita ruta, kile kiboksi cha Wi-Fi, ikafa, nikaagiza mpya. Kila kitu kikazimika! Nikaanza kumwelekeza kwa simu aviunganishe upya na ruta mpya: shikilia kitufe mpaka taa ipepese, subiri namba ije kwa ujumbe, iandike kabla haijaisha muda. Ikaisha muda mara tatu. Mara ya nne akasema, "Mwanangu, nyumba hii nilikuwa naijua." Nikakosa la kujibu.

Baadaye fundi ananiambia ningeipa tu ruta mpya jina na nywila ya ile ya zamani, vifaa vijiunge vyenyewe, na kuhakikisha masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 yako wazi maana vifaa vingi vya aina hii havishiki ya GHz 5. Sasa hilo, nyie watengenezaji, mlishindwa nini kuliandika kwenye boksi, kwa herufi ambazo mzee anaziona?

Na msiniambie nilinunua vya bei rahisi. Mwaka 2016 kampuni ya Nest waliizima Revolv, kifaa cha kuongozea vitu vya nyumba janja, huko kwenye seva zao, waliokuwa nayo wakabaki na kopo mezani.

Ile saa ndiyo usiseme. Chaji inaisha jioni, kwa hiyo usiku iko kwenye waya, na usiku ndio mama anaamka gizani kwenda chooni. Aliyeibuni hana bibi?

Wenye wazazi, naomba msaada: zile taa ndogo za kuchomeka ukutani, zinazowaka zenyewe mtu akipita, bila programu wala akaunti, zinadumu? Mama kaziona kwa jirani, anataka mbili.