Mgonjwa wa kifua kikuu anataka kwenda dago: dawa atazipataje?

Mwana wa Sahare:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mdogo wangu ni mvuvi hapa Tanga, naye anakaribia kumaliza mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimekatika, jasho la usiku limekwisha, na suruali aliyokuwa akiifunga kwa kamba sasa inamkaa sawasawa. Kwa nafuu hiyo, anasema atakwenda dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali na nyumbani, na wenzake kwa mwezi mzima, na dawa atazimalizia akirudi. Mama ana hofu, nami pia. Je, kliniki inaweza kumsaidia, au hana budi kubaki nyumbani?

Muuguzi Mstaafu:
Waalaikum salaam. Nimehudumu miaka mingi katika kliniki ya kifua kikuu na ukoma, na wengi niliowaona wakirudi wamezidiwa waliacha dawa wakati huu huu wa nafuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo mgonjwa hunywa dawa 4 zilizounganishwa katika kidonge kimoja, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Vimelea vingi hufa mapema, lakini vichache husalia vimelala, na dawa zikikatizwa huamka, pengine vikiwa sugu. Asiondoke kabla ya kupimwa tena makohozi mwishoni mwa mwezi huu. Kisha aeleze kliniki anakokwenda, kwa kuwa upo utaratibu wa kumhamishia mgonjwa kituo kingine, na dawa hazilipiwi hapa wala huko.

Mama Pangani:
Mume wangu alipitia hayo. Nahodha wake alikubali kuwa msimamizi wake: kila alfajiri alimpa vidonge, akasubiri avimeze, ndipo akatia alama kwenye kadi. Tulivihifadhi katika kopo lenye kifuniko cha kukaza, maji ya chumvi yasivifikie. Waambieni wenzake mapema kwamba dawa hizo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, maana wa kwetu walidhani ni damu. Je, nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5? Naye achunguzwe, na akionekana hana ugonjwa atapewa dawa ya kinga.

Mwana wa Sahare:
Nawashukuru sana. Mwanangu ana miaka 3, na amekuwa akilala chumba kimoja na baba yake mdogo tangu kabla hajaanza dawa. Sikujua kabisa kwamba alipaswa kupelekwa. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote watatu, na nahodha nitamwomba afuatane nasi.