Kompyuta ya sinema ya nyumbani inashusha ubora wa sauti kimyakimya, na kila ninayemuuliza ananiambia nibadilishe kebo

Wanajukwaa, salaam. Nilichelewa kufungua uzi huu kwa makusudi, nikitaka hasira zipungue kwanza. Hazikupungua, kwa hiyo naandika nikiwa nazo.

Nina kompyuta niliyoiunda kwa kazi moja tu, kuonyesha filamu sebuleni. Kadi yake ya michoro inao uwezo wa kutoa miundo ya sauti ya Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio ikiwa ghafi, yaani bila kuifumbua, ili risiva, kile kifaa kinachopokea sauti na kuendesha spika, iifumbue yenyewe na kuigawa kwenye spika saba na sabufa. Kwa muda mrefu ilifanya hivyo bila tatizo. Kisha ikaacha, na haikusema kwamba imeacha. Sauti haikukatika, picha haikuyumba, wala hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea popote. Niligundua kwa bahati tu: rimoti ilidondoka chini ya meza ya runinga, nikapiga magoti kuiokota, uso wangu ukawa sawasawa na kioo kidogo cha risiva, na pale palipozoea kuandikwa "TrueHD" nikakuta pameandikwa "Dolby Digital". Nilikaa pale sakafuni na rimoti mkononi nikijiuliza nimetazama filamu ngapi katika hali hiyo. Mpaka leo sina jibu.

Kwa wasiofahamu kwa nini jambo hili linaniuma, nieleze kidogo. TrueHD na DTS-HD Master Audio hubana sauti bila kupoteza hata chembe. Risiva ikishafumbua, inapata kile kile kilichotoka studio. Kwenye diski ya Blu-ray, TrueHD inaweza kufika megabiti 18 kwa sekunde, na DTS-HD Master Audio megabiti 24.5. Dolby Digital ya kawaida kwenye diski hiyo hiyo inaishia kilobiti 640. Sasa, waliobuni diski hizi walijua kwamba watu wengi wana vifaa vya zamani, hivyo wakaweka akiba: pembeni ya TrueHD huwekwa Dolby Digital ya kawaida, na ndani ya DTS-HD kuna kiini cha DTS ya zamani kinachofika kilobiti 1,509. Kifaa kisichoweza sauti kubwa huchukua ile ndogo na maisha yanaendelea. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini matokeo yake ni kwamba mlolongo wote, kuanzia programu mpaka risiva, umejengwa juu ya msingi wa funika kombe mwanaharamu apite: kitu kikiharibika popote, mtazamaji anapewa sauti ndogo na kuachwa aamini kwamba yote ni shwari.

Niliandikia kitengo cha huduma kwa wateja cha watengenezaji wa risiva yangu, ambao sitawataja. Jibu la kwanza lilikuwa nibadilishe kebo ya HDMI. Kebo hiyo hiyo inapitisha picha ya 4K bila kumetameta, na picha hiyo inahitaji gigabiti kadhaa kwa sekunde. Itashindwaje kubeba megabiti 24.5 za sauti? Uwezo wa kupitisha TrueHD na DTS-HD zikiwa ghafi umo kwenye HDMI tangu toleo la 1.3 la mwaka 2006. Hata hivyo nilibadilisha ili wasije wakasema mimi ni mbishi. Hakuna kilichobadilika. Nikabadilisha tena kwa kebo ya tatu, na kioo kikaendelea kuniandikia "Dolby Digital".

Jibu la pili ndilo lililonitoa kwenye mstari. Niliambiwa nichomoe kompyuta kwenye risiva, niichomeke moja kwa moja kwenye runinga, halafu sauti irudi kwenye risiva kwa ARC, njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka kwenye runinga. Mtu anayelipwa kutoa ushauri kuhusu risiva anapaswa kujua kwamba ARC ya kawaida haina nafasi ya TrueHD wala DTS-HD Master Audio. Njia hiyo ilibuniwa kwa kipimo kinachokaribiana na kile cha kebo ya mwanga: sauti ya njia mbili (kushoto na kulia) isiyobanwa, Dolby Digital, DTS ya zamani, na kwenye baadhi ya vifaa Dolby Digital Plus. Yenye nafasi ya kutosha ni eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, na runinga yangu haina. Niliwaeleza hayo yote kwa maandishi. Wakajibu kwamba nijaribu tu. Nikajaribu, pamoja na kuingia kwenye menyu ya risiva na kubadilisha, kwa maelekezo yao, kipengele kinachoamua kama sauti ya HDMI ibaki kwenye risiva au ipelekwe kwenye runinga. Haikusaidia kitu, nikarudisha kebo zilipokuwa. Naomba mkikumbuke kipengele hicho, kwa sababu mimi nilikisahau, na usahaulifu huo ulinigharimu jioni tatu.

Jibu la tatu lilikuja na picha ya skrini niliyowatumia mimi mwenyewe, wakiwa wamezungushia duara jekundu jina la kifaa cha sauti lenye maneno "High Definition Audio", na maelezo kwamba kwa ushahidi huo sauti ya ubora wa juu ninayo. Jamani! Hilo ni jina la kiwango kilichotolewa na Intel mwaka 2004 kuchukua nafasi ya AC'97, na linahusu namna saketi ya sauti inavyowasiliana na kompyuta. Kompyuta yenye spika mbili za mezani huonyesha jina hilo hilo. Halina uhusiano wowote na kama TrueHD inafika kwenye risiva au haifiki.

Baada ya hapo niliacha kuwaandikia na nikaanza kutafuta mwenyewe.

Nilianza na mafaili, kwa kuwa huenda tatizo lilikuwa langu. Nilifungua filamu chache kwa MediaInfo, programu inayoonyesha kilichomo ndani ya faili. Programu hiyo huionyesha TrueHD kwa jina la MLP FBA, na DTS-HD Master Audio kwa jina la DTS XLL, kwa hiyo msishtuke mkikosa majina mliyoyazoea. Karibu zote zilikuwa salama. Moja ilikuwa na AC-3 peke yake, yaani Dolby Digital ya kawaida, kwa maana kwamba siku nilipoihamisha kutoka kwenye diski nilichagua wimbo wa sauti usio sahihi. Hilo ni kosa langu na simlaumu mtu.

Kisha nikatazama draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Mfumo wa uendeshaji ulikuwa umejisasisha usiku mmoja bila kuniuliza, na katika kujisasisha huko ukaitupa draiva ya sauti ya mtengenezaji wa kadi ya michoro na kuweka ya jumla inayotumika kwa kila kifaa. Nilijua hivyo kwa sababu jina la kifaa kwenye orodha lilikuwa limebadilika. Niliiondoa, nikasakinisha kifurushi kamili kutoka kwa mtengenezaji, nikihakikisha sehemu ya sauti ya HDMI imewekewa alama, kwa sababu ni rahisi sana kuiruka, na nikaziba mwanya wa mfumo kuibadilisha tena. Nikafungua sifa za kifaa cha sauti, kwenye ukurasa unaoorodhesha miundo ambayo kifaa kilichounganishwa kinaweza kuipokea. Nilitegemea kuona Dolby TrueHD na DTS-HD. Nilichokikuta ni njia mbili za sauti ya kawaida na basi.

Hapo ndipo jioni zangu tatu zilipokwenda. Nilisakinisha draiva mpya, nikasakinisha ya zamani, nikarudisha mfumo nyuma, nikausakinisha upya kabisa. Orodha haikuongezeka hata mstari mmoja. Lililonifungua macho ni kujiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: orodha hii kompyuta inaipata wapi? Haiitungi yenyewe. Kila runinga au risiva inapochomekwa kwa HDMI hutuma kipande kifupi cha data kiitwacho EDID, kinachopangwa kwa vipande vya baiti 128, kikisema ukubwa wa picha unaowezekana, miundo ya sauti inayokubalika na idadi ya njia. Kompyuta huamini kinachosemwa humo neno kwa neno. Sasa risiva yangu, ikiwa imewekwa kupeleka sauti ya HDMI kwenye runinga, haitangazi uwezo wake. Inatangaza uwezo wa runinga. Runinga yangu ina spika mbili. Ikasema mbili, kompyuta ikatii.

Nilirudi kwenye ile menyu, nikarudisha kipengele kile kuwa sauti ibaki kwenye risiva, na kabla sijaketi vizuri orodha ikajaa: Dolby Digital, DTS, DTS-HD, Dolby TrueHD, na idadi ya njia ikapanda kuwa nane. Idadi hiyo si pambo. Sauti hizi kubwa zikipita ghafi kwenye HDMI husafiri ndani ya chombo chenye upana wa njia nane kwa kilohezi 192, kwa hiyo kompyuta inayoamini kwamba mbele yake kuna spika mbili haiwezi hata kuufungua mlango huo. Kwa maneno mengine, ushauri wa huduma kwa wateja haukushindwa kutibu tu. Uliongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa draiva, na ule wa pili ukauficha wa kwanza.

Nilicheza filamu nikiwa na uhakika. Kioo kikaandika "Dolby Digital".

Sitawaeleza nilichosema wakati huo. Kosa la mwisho lilikuwa kwenye programu ya kuchezea filamu, ambayo nayo ilikuwa imepata toleo jipya na kusahau mipangilio yangu. Vipengele vya kupitisha sauti ghafi vimefichwa mpaka ubadilishe kiwango cha menyu kuwa cha watumiaji wabobezi, na humo ndani visanduku vya TrueHD na DTS-HD viko mbalimbali na vyote vilikuwa havina alama. Isitoshe, njia ya kutolea sauti ilikuwa imerudi kwenye ile inayopita kwenye kichanganyio cha mfumo, badala ya WASAPI, njia ya Windows inayoweza kukishika kifaa cha sauti peke yake. Mkondo ghafi hauwezi kuchanganywa na mlio wa barua pepe. Lazima upite peke yake au usipite. Niliweka alama, nikabadilisha njia, na kioo kikaandika "TrueHD". Nilikipiga picha.

Najua kuna atakayesema kwamba nimejisumbua bure, kwa kuwa kompyuta inaweza kufumbua TrueHD yenyewe na kuituma kwa njia nane zisizobanwa, na ubora usipungue. Ni kweli, na kwa filamu nyingi ningekubaliana naye. Lakini data za Dolby Atmos husafiri ndani ya TrueHD, na za DTS:X ndani ya DTS-HD, na kompyuta ikishafumbua kwa njia ya kawaida, taarifa za sauti ipi ielee wapi juu ya kichwa cha msikilizaji hupotea. Aliyefunga spika kwenye dari hawezi kuridhika na hilo. Na hata kwa asiye nazo, ufumbuzi huo usingesaidia pale EDID ilipokuwa ikisema njia mbili.

Kwa hiyo kulikuwa na hitilafu tatu: draiva, risiva na programu. Yoyote kati ya hizo ilitosha peke yake kuishusha sauti, na hakuna hata moja iliyofungua mdomo. Hili ndilo lalamiko langu hasa. Programu inajua kwamba faili lina TrueHD, maana ndiyo inayolisoma. Inajua pia kwamba inachotuma ni AC-3. Mstari mmoja wa maandishi pembeni ya skrini kwa sekunde tano, unaosema sauti imeshushwa kwa sababu kifaa kimetangaza njia mbili, ungeniokolea kazi yote hii. Programu hizo hizo haziachi kunijulisha kwamba kuna mandhari mpya ya menyu. Risiva nayo ingeweza kuandika kwenye kioo chake kwamba inatangaza uwezo wa runinga badala ya wake. Na watoa huduma, kabla ya kutaja kebo, wangeuliza swali moja tu: nini kimechomekwa wapi?

Bado sijamaliza. Kompyuta ikilala na kuamka, au runinga ikiwashwa kabla ya risiva, EDID inayosomwa huwa ile mbovu na orodha hurudi kwenye njia mbili. Kwa sasa nawasha risiva kwanza, nahesabu mpaka kumi, nawasha runinga, kisha kompyuta, na nyumbani wameanza kunicheka. Nimesikia kuhusu vifaa vidogo vinavyochomekwa kati ya kompyuta na risiva, vinavyonakili EDID nzuri na kuishikilia hata risiva ikizimwa. Naomba aliyekitumia kifaa cha namna hiyo anijibu mambo mawili: je, kilipitisha TrueHD na DTS-HD zikiwa ghafi pamoja na picha ya 4K, na je, kilistahimili kompyuta kulala na kuamka?

Anayetaka kuniandikia nibadilishe kebo, tafadhali apite kimya. Nimeshatumia tatu, na zote ni nzima.