Programu ndogo ya .EXE yamaliza kumbukumbu yote ya MS-DOS: je, kosa ni la linka?

Swali

Ndugu zangu, ninaandika kwa asembla (lugha iliyo karibu kabisa na ya prosesa) programu ndogo ya menyu kwa ajili ya kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 8086, kumbukumbu ya KB 640 na MS-DOS 3.3. Kazi yake ni kuonyesha orodha na kuita programu nyingine kwa huduma 4Bh ya INT 21h, amri ambayo programu huitumia kuiomba DOS kazi (herufi h mwishoni mwa namba ina maana ya namba za msingi wa 16). Faili lenyewe ni dogo mno, lakini kila ninapoita programu nyingine DOS hurudisha kosa namba 8, yaani kumbukumbu haitoshi. Nimetumia LINK ya Microsoft, yaani linka, programu inayounganisha msimbo kuwa faili la kuendeshwa, bila kuongeza chaguo lolote. Je, nikiligeuza kuwa faili la .COM tatizo litaondoka?

Jibu la kwanza

Halitaondoka, ndugu yangu, kwa sababu ukubwa wa faili na ukubwa wa kumbukumbu ambayo programu hupewa ni mambo mawili tofauti. Faili la .EXE huanza na herufi MZ, na katika kichwa chake, kwenye nafasi za 0Ah na 0Ch, zimo namba mbili zinazomweleza mpakiaji wa DOS kiasi cha chini na kiasi cha juu cha kumbukumbu ya ziada, kwa vipande vya baiti 16. Usipotoa maelekezo, LINK huandika FFFFh kwenye kiasi cha juu. Hesabu mwenyewe: vipande 65,535 mara baiti 16 ni baiti 1,048,560, kiasi kinachozidi kumbukumbu yote ya mashine yako, kwa hiyo DOS hukupa eneo kubwa kuliko yote lililo wazi, na programu unayoiita haina pa kukaa.

Unganisha upya kwa chaguo la /CPARMAXALLOC:1, ambalo hufupishwa /CP:1. Usiogope udogo wa namba hiyo, kwani ikiwa chini ya mahitaji halisi ya programu, linka hupandisha kiasi cha juu hadi kilingane na kile cha chini.

Faili la .COM halina kichwa hicho hata kidogo. DOS hulipatia eneo lote, hutenga baiti 256 za mwanzo kwa taarifa zake, kisha hupakia msimbo kuanzia 100h. Ndiyo maana hulazimika kuandika ORG 100h, agizo linalomweleza asembla kuwa msimbo unaanzia hapo, na ndiyo maana linka hukataa kutengeneza .COM iwapo msimbo wako unataja anwani ya segimenti (sehemu ya kumbukumbu) ambayo ingepaswa kurekebishwa wakati wa kupakia.

Jibu la pili

Ninakubaliana na maelezo hayo, ila kwa menyu ningependelea programu yenyewe irudishe kumbukumbu isiyoihitaji, kwa sababu mtu mwingine akija kuiunganisha bila /CP:1, kosa litarudi. Huduma ni 4Ah: rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ya ES iwe na segimenti ya mwanzo wa eneo lako, ambayo DOS hukuwekea humo programu inapoanza, na BX iwe na ukubwa mpya kwa vipande vya baiti 16.

Njia hii inafaa kwa .COM pia, mradi uzingatie steki, eneo la kumbukumbu ambamo programu huweka data ya muda, na ambalo SP huonyesha kilele chake. Eneo linapotosha, SP ya .COM huanzia FFFEh, karibu na mwisho wa segimenti ya KB 64. Ukipunguza eneo kabla ya kuishusha SP, steki itabaki nje ya mpaka wako na programu utakayoiita itapakiwa juu yake. Kwa hiyo tenga baiti kadhaa baada ya data yako, elekeza SP kwenye mwisho wake, ndipo uite 4Ah.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Kwa /CP:1 menyu inaita programu nyingine bila kosa. Nitaongeza 4Ah pia. Je, kabla ya 4Bh kuna rejista za kuhifadhi?

Jibu la pili

Hifadhi SS (segimenti ya steki) na SP katika data iliyo ndani ya segimenti ya msimbo, ili uzifikie kwa CS, rejista inayoonyesha segimenti ya msimbo. DOS za toleo la 2 huharibu rejista zote isipokuwa CS na IP (inayoonyesha amri inayofuata), hivyo menyu itakayotembea kwenye mashine za namna hiyo haina njia nyingine ya kuirudia steki yake.