Naomba ushauri: njia ya baiskeli kando ya Nile, Jinja, isiyo na malori

Wadau, habari zenu. Nipo Jinja na nina baiskeli ya mbio, ile ya matairi membamba. Natafuta njia ya kuendesha asubuhi kando ya mto bila kufukuzwa na matrela ya Malaba yanayoelekea Kampala. Barabara kuu ile siigusi tena, hata mnishawishi vipi.

Ujerumani wana njia kando ya mto Mosel, toka Trier hadi Koblenz, unapita mashamba ya mizabibu na sehemu kubwa hukutani na gari. Sisi zabibu hatuna, miwa tunayo tele, na mto wetu hauna mfano.

Nawaza ng'ambo ya magharibi: Njeru kuelekea Kayunga, nichepuke Kalagala kuona maporomoko. Lami ipo, lakini je, alfajiri magari ni mengi? Au nibaki mashariki, nipite Bujagali hadi Itanda? Huko nahofia maramu, hasa mvua za Machi hadi Mei. Matope yakishika breki mtu unabeba baiskeli begani. Vijia vya ndani ya mashamba ya miwa Kakira navyo, mgeni anaruhusiwa kupita?

Mwenye kuijua njia anielekeze. Na kama matairi ndiyo ya kubadili, niambieni upana gani.