Kuuza gari mwenyewe au kumwachia dila

Wapendwa, salaam. Shikamooni wakubwa wote.

Naomba ushauri. Tuna gari dogo la mwaka 2017, bado zima, na deni la benki limebaki kidogo. Familia imeongezeka, sasa tunatafuta gari la safu tatu za viti. Tumepita kwa dila (mfanyabiashara wa magari) mmoja hapa Dallas, akasema hili letu atalichukua kwa dola 12,000 na kuzikata kwenye bei ya lile tunalolitaka. Mume wangu anasema huko ni kuibiwa mchana, maana magari kama letu watu wanayatangaza wenyewe kwa 14,500. Mimi nina watoto wadogo na sipendi watu nisiowajua waje mlangoni. Je, hiyo tofauti ya 2,500 inalingana na usumbufu wake?

Dada yenu, Dallas

---

Marahaba dada.

Shemeji amehesabu vizuri ila kaiacha kodi nje. Texas inatoza asilimia 6.25 ya bei ya gari, na ukimwachia dila gari lako, kodi inapigwa kwenye kile kinachobaki baada ya kulitoa. Tuseme mnalolitaka ni dola 30,000. Mkimwachia lenu kwa 12,000, mtalipia kodi ya 18,000, ambayo ni dola 1,125. Mkiuza wenyewe kisha mkaenda na fedha mkononi, mtalipia kodi ya 30,000 nzima, dola 1,875. Kwa hiyo zile 12,000 za dila kwenu zina uzito wa 12,750. Na 14,500 ni bei ya tangazo. Hakuna mnunuzi atakayekuja asiombe apunguziwe. Akiwashusha hadi 13,800, mnagombania kama dola elfu moja tu, na humo mtoe kuosha gari, kupiga picha, kujibu simu na jioni za kusubiri watu wasiotokea.

Hesabu hii ni ya Texas. Huku kwetu Virginia hatuna nafuu hiyo, na California pia haipo: kodi inapigwa kwenye bei yote hata ukiacha gari kwa dila. Majimbo mengi yanaitoa, lakini kila mtu aulizie lake kabla hajachukua ushauri wa jamaa aliye kwingine.

Pamoja na hayo, msikubali 12,000 kwa sababu ndiyo namba ya kwanza mliyoisikia. Angalieni Kelley Blue Book, tovuti ya kukadiria bei za magari, pale wanatoa bei mbili tofauti, ya kumwachia dila na ya kumuuzia mtu binafsi. Halafu lipelekeni CarMax, kampuni inayonunua na kuuza magari yaliyotumika. Wao wananunua hata kama hununui kwao, na bei wanayokuandikia inasimama kwa siku 7. Karatasi hiyo ndiyo sakafu yenu. Dila akitoa chini yake, mnajua pa kwenda. Ila kumbukeni ile nafuu ya kodi mnaipata pale tu gari linapoachwa kwa dila yuleyule anayewauzia jingine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mkirudi kwa dila, msitaje gari lenu mpaka mmekubaliana bei kamili ya lile jingine, kodi na ada zote zikiwa ndani, imeandikwa. Dila anaweza kuwapandishia hadi 13,500 mkashangilia, kumbe elfu mbili amezirudisha kwenye bei ya gari au kwenye riba. Akianza kuuliza "mnaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" msijibu. Kwa kurefusha miaka ya mkopo, malipo yoyote ya mwezi yanaweza kufanywa yaonekane madogo.

Na hilo deni: waombeni benki kiasi cha kufunga mkopo. Hakilingani na salio mnaloliona kwenye simu, kwa sababu riba inaongezeka kila siku. Kama gari lina thamani kubwa kuliko deni, kinachozidi ni chenu. Kwa mwenye deni linalozidi thamani ya gari ndipo penye mtego: dila atasema "deni lako tutalilipa lote", kisha lile pengo analiingiza kwenye mkopo mpya na unalilipia riba upya. Mkishamwachia gari endeleeni kulipa rejesho mpaka benki ithibitishe kwamba deni limefungwa. Mkopo ni wa jina lenu, na dila akichelewa, anayeharibikiwa rekodi ya mkopo ni ninyi.

Kaka yenu, Virginia

---

Nakubaliana na mengi ya kaka wa Virginia, lakini naona amewatisha watu na kuuza wenyewe. Kwa sisi wa California, ambako kodi haipungui, tofauti yote ni yako, na elfu mbili na kitu ni kodi ya nyumba.

Hofu ya dada ni ya haki, ila ina dawa. Hakuna sababu ya mnunuzi kupajua kwenu. Vituo vingi vya polisi vina sehemu ya maegesho yenye kamera iliyotengwa kwa watu wanaouziana vitu, nendeni mchana. Kabla hajashika usukani piga picha ya leseni yake ya udereva, na ulizeni bima yenu kama inamkinga mtu mnayempa gari alijaribu. Akitaka kulipeleka kwa fundi wake, mruhusu, mnunuzi wa namna hiyo ndiye wa kweli. Na kwa kutumia VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, angalieni kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, kama kiwanda kimeliita gari lenu kwa matengenezo. Matengenezo hayo ni ya bure, na mkiyamaliza kabla ya kutangaza, mnunuzi anakosa sababu ya kushusha bei.

Wezi wanakuja kwa njia zinazojulikana. Mmoja atakutumia tovuti usiyoijua akisema ununue ripoti ya gari kutoka hapo tu. Anataka namba ya kadi yako. Mwingine atakuomba umsomee namba za siri zilizoingia kwenye simu yako "kuhakikisha wewe ni mtu halisi", kisha azitumie kufungua namba ya simu ya mtandaoni inayohusishwa na yako. Wa tatu anatuma hundi inayozidi bei na kuomba umrudishie chenji. Huyo ndiye mbaya zaidi. Sheria inaitaka benki ikupe fedha za hundi ndani ya siku chache, lakini ughushi unaweza kugundulika baada ya wiki kadhaa, na hapo benki inakudai wewe. Hata hundi inayoonekana kutolewa na benki yenyewe inaghushiwa. Kutaneni ndani ya tawi la benki ya mnunuzi, hundi iandikwe mkiwa hapo kaunta. Na kama deni lenu liko kwenye benki yenye matawi, malizeni hukohuko: mnunuzi analipa deni, kinachobaki anawapa ninyi. Picha ya simu inayosema "imetumwa" si malipo. Fungua akaunti yako mwenyewe uone.

Wenu, Sacramento

---

Asanteni sana, mmenifungua macho. Ila jana limezuka jingine. Kuna kijana wa kwetu tunayesali naye, amesikia tunauza. Anasema atatoa 14,000, nusu sasa na nusu kwa miezi, na gari aanze kulitumia mara moja kwa sababu ya kazi. Mume wangu anaona huyo ni wetu, hatatukimbia. Nashindwa kumkatalia.

Dallas

---

Dada, hapa nitasema wazi kwa sababu nimeona undugu ukivunjika kwa jambo hilihili.

Uaminifu wa kijana wala si swali langu. Swali ni hati ya umiliki wa gari, yaani taito, iko kwa jina la nani wakati yeye yuko barabarani. Taito ikibaki kwenu, faini za maegesho, bili za barabara za kulipia na barua za polisi zinakuja kwenu, na akigonga mtu, mwanasheria wa upande wa pili ataanza na jina lililo kwenye taito. Mkimbadilishia taito bila kinga, gari ni lake na ninyi mmebaki na ahadi ya mdomo. Isitoshe, bado mna deni la benki. Kumwachia mtu gari lenye mkopo moja kwa moja kunaweza kuvunja mkataba wenu na benki.

Kama mnataka kumsaidia, mwelekezeni kwenye chama cha akiba na mikopo akope mwenyewe. Atawalipa yote mara moja, na malipo yake yatamjengea rekodi ya mkopo kwa jina lake, jambo ambalo mgeni katika nchi hii analihitaji kuliko gari. Akikataliwa mkopo, mnaweza kumpunguzia bei, huo ni msaada unaoisha siku hiyohiyo. Lakini msiwe benki yake.

Na yeyote akiwaomba muandike bei ndogo kwenye karatasi ili kodi yake ishuke, kataeni. Ni udanganyifu wenye sahihi yenu. Tena kwa Texas haumsaidii sana, maana jimbo lina thamani yake ya kukadiria, na bei ikiwa chini ya asilimia 80 ya thamani hiyo, kodi inapigwa kwenye hiyo asilimia 80.

Virginia

---

Niongezee ya hapahapa Texas, kwa vyovyote mtakavyoamua kuhusu huyo kijana.

Mkiuza wenyewe, jazeni pamoja fomu 130-U (ya kuomba taito mpya) na taito, mtie sahihi wote wawili kama hati ina majina mawili, na maili ziandikwe kwa usahihi. Magari ya mwaka 2011 na kuendelea yanadaiwa tamko la maili kwa miaka 20, ni sheria ya nchi nzima. Halafu nendeni na mnunuzi hadi ofisi ya kodi ya kaunti, abadilishe jina mkiwa mnaona. Msimpe taito iliyosainiwa bila jina la mnunuzi, kuna watu wanazunguka nazo wakiuza magari bila leseni ya biashara, na wewe unaendelea kuonekana mwenye gari.

Ng'oeni namba za gari na stika ya usajili, kisha toeni taarifa ya mauzo kwenye tovuti ya TxDMV, idara ya magari ya Texas, ndani ya siku 30. Ni bure. Toeni taarifa siku hiyohiyo, msingoje. California wao wana siku 5, na namba za kawaida zinabaki na gari. Kifaa cha barabara za kulipia kitoeni kiooni. Futeni simu zenu na anwani ya nyumbani kwenye redio ya gari, na lifuteni gari kwenye programu ya simu inayofungua milango. Bima isitishwe baada ya jina kubadilika, kamwe si kabla.

Mwisho, tafuteni mkataba wa siku mliponunua gari hilo. Kama mliuziwa dhamana ya nyongeza au bima ya kufidia pengo la mkopo, na muda wake haujaisha, ombeni kwa maandishi isitishwe. Kwa kawaida sehemu ambayo haijatumika inarudishwa. Kama mkopo umeshafungwa, fedha hizo ni zenu, na hakuna dila atakayewakumbusha.

Fort Worth