Naomba ushauri: mfuko wa hewa (airbag) wa gari una wito wa marekebisho, kifaa hakipatikani

Wakuu, habari zenu. Miezi minne iliyopita nilinunua SUV ya kifahari iliyotumika, ya mwaka 2013. Ngozi safi, injini imetulia, nikajiona nimelamba dume. Juzi nikaingiza namba ya chasisi, zile herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya mtengenezaji. Nikakuta wito wa usalama (recall, yaani mtengenezaji anaita magari yarudishwe yarekebishwe) ambao haujafanyiwa kazi: kifaa kinachojaza mfuko wa hewa upande wa abiria. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Aliyeniuzia anaapa hakuwahi kupata barua ya wito huo. Ajabu, ndani ya droo ya dashibodi nilikuta bahasha ya mtengenezaji, haijafunguliwa hata kidogo.

Kwa wakala wa mtengenezaji nimepiga simu mara tatu. Jibu ni lilelile: kazi ni bure, kifaa hakijafika, subiri. Mke wangu kwa sasa anakaa kiti cha nyuma. Fundi wangu alitaka achomoe waya tu yaishe, nikamkatalia, naogopa asije akaharibu na mifuko mingine.

Naomba kujua: kuna aliyemwandikia mtengenezaji moja kwa moja akapata kifaa haraka, na aliambatanisha nini? Na kama ingekuwa gari lako, ungeendelea kuliendesha hivi au ungelipaki kabisa?