Mjadala: Fei Toto alitusaliti Wananchi, au tulimdai uaminifu ambao sisi wenyewe hatuna?

Mleta mada

Kabla hamjaanza kunirushia mawe: mimi ni Yanga, yaani Mwananchi, wa kuzaliwa, kadi ya uanachama ninayo na ada nalipa. Jana kijiweni tulibishana hadi muuza kahawa akafunga virago akatuacha. Mzee mmoja alisema Feisal Salum, huyo Fei Toto aliyetuhama kwenda Azam, hata akistaafu asikanyage Jangwani, makao yetu. Nusu ya watu wakapiga makofi. Mimi nikaona hapana, tukae chini tuulizane: mchezaji akitaka kuondoka, sisi mashabiki tunamdai nini hasa?

Kwa waliosahau. Mwishoni mwa Desemba 2022, ligi ikiwa katikati, Fei Toto aliaga Yanga mtandaoni. Akaingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kipengele cha kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Klabu ikairudisha hela, ikasema mkataba unakwenda hadi Mei 2024. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, Machi akagonga mwamba tena. Kambini hakurudi. Akasema anakwenda CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, na michango akaomba. Likaja kuisha Juni, Rais Samia alipowaita Yanga Ikulu kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akawaambia viongozi suala la kijana walimalize. Hazikupita siku nyingi akatambulishwa Azam.

Sasa chukua ile milioni 12 ugawe kwa 3. Milioni 4 kwa mwezi, kwa kiungo wa Taifa Stars ambaye kocha alikuwa hapangi timu bila yeye. Najua kuna mtu hapa atasema hata mimi nipewe hizo 4 sitalalamika. Na mimi pia nisingelalamika, ila mimi hakuna anayelipa kiingilio kuja kunitazama nikifanya kazi. Mchezaji ana miaka kumi hivi ya kuuza miguu yake, na goti likienda hakuna shabiki atakayemlipia ada ya shule ya watoto.

Mama yake alipojitokeza kusema mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari, watu walicheka. Ukageuzwa utani, mpaka leo mtu akimtaja Fei lazima atokee mmoja wa kuuliza bei ya sukari. Mzazi analalamika, sisi tunatengeneza vichekesho.

Halafu tunasema uaminifu. Bernard Morrison aliondoka kwetu 2020 akaenda kwa watani zetu Simba, klabu ikamfuata hadi CAS, ikashindwa. Tulimwita majina yote. Mwaka 2022 akarudi, akavaa kijani, tukamwimbia. Yaani wakati tunamwita Fei msaliti, Morrison alikuwa kikosini kwetu! Na Prince Dube je? Machi 2024 aliaga Azam, Azam wakasema mkataba wake upo hadi 2026, Dube akashikilia kwamba ameshamalizana nao. Julai alikuwa wetu. Sijamsikia Mwananchi hata mmoja akisema kijana arudi Chamazi kwa Azam akaheshimu mkataba.

Msimamo wangu: usaliti tunaouimba hauna uhusiano na mkataba. Msaliti ni yule anayetoka kwetu. Anayekuja kwetu kwa njia ileile ni mpambanaji aliyetafuta haki yake. Anayebisha aniletee mfano mmoja.

Babu wa Tandale

Kijana, mimi ndiye mzee mwenyewe wa kijiweni, usinizungushe. Na bado nasema asikanyage.

Umeeleza pesa vizuri, lakini umeruka namna alivyoondoka. Krismasi ile timu ilikuwa na mechi, tena na haohao Azam. Wenzake wako kambini, yeye anaaga kwenye simu. Tulikuwa tunafukuzia ubingwa na Afrika tunasonga. Fiston Mayele naye aliondoka Julai mwaka uliofuata kwenda Pyramids, baada ya kutufungia mpaka fainali. Kuna mtu alimzomea Mayele? Tulimsindikiza kwa machozi. Luis wa Simba alipokwenda Al Ahly 2021, Simba wenyewe walimwombea dua. Mtu hakatazwi kuondoka. Anaambiwa aage kama mtu mzima.

Mkisema hatuna uaminifu mnatuonea. Miaka ile baada ya Manji, mwenyekiti na mfadhili wetu, kuondoka klabu haikuwa na hela ya mishahara. Mwinyi Zahera, kocha, alikuwa anatembeza bakuli. Nani alijaza lile bakuli? Mimi nilituma elfu tano tano. Hao wachezaji walikula kwa elfu tano zetu.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Sikujua upo humu.

Hilo la bakuli nalipokea kwa mikono miwili, lakini linanisaidia mimi. Fei alikuja 2018 kutoka JKU ya Zanzibar, yaani alikuja kwenye njaa. Msimu baada ya msimu Simba wanachukua kombe, sisi tunahesabu madeni, na yeye yupo. Hakukimbia. Ubingwa ukaja kurudi 2021/22 akiwa ndani. Hela zilipoingia, wakaanza kuja wageni wa mikataba minono. Aliyekaa kwenye njaa akauliza: na mimi? Mzee, hapo nani alikosa uaminifu kwanza?

Na hata huo ujio wake tukumbuke. Singida United walishamtambulisha kuwa wao, muda si mrefu akaonekana na jezi ya Yanga. Tulicheka sana siku ile. Tulisema Singida wamepigwa bao la kisigino.

Karani wa Mikataba

Nyote wawili mnazungumza kwa moyo, ngoja niseme kwa karatasi.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinakataza upande mmoja kuvunja mkataba katikati ya msimu. Pia kuna kipindi cha ulinzi: miaka 3 ya mwanzo ya mkataba kama ulisaini ukiwa chini ya miaka 28, miaka 2 kama ulishafikisha umri huo. Ukivunja ndani ya kipindi hicho bila sababu halali, fidia inakuhusu na kufungiwa kunakuhusu. Sababu halali ipo. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi 2 ukawapa notisi ya siku 15 wasilipe, unaondoka. Kuona kwamba mshahara ulioukubali ni mdogo kuliko wa jirani hakumo kwenye orodha hiyo.

Kuweka hela kwenye akaunti ya mtu hakumlazimishi kukubali umemalizana naye. Watu wengi hapa wanadhani kipengele cha kuvunja mkataba ni kama tiketi ya basi, unalipa unapanda. Inategemea kimeandikwaje na wakati gani. TFF iliamua ilivyoamua kwa sababu hiyo, tuache kusema waliogopa Yanga.

Ila msijidanganye kwamba kanuni hizo ni msahafu. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya Lassana Diarra aliyegombana na Lokomotiv Moscow, ilisema baadhi ya vipengele hivyo vya FIFA vinakwenda kinyume na sheria za Ulaya kwa sababu vinambana mno mchezaji na klabu inayomtaka. FIFA wakalazimika kurekebisha. Kwa hiyo swali la mleta mada lina uzito. Jibu lake tu haliko kwenye mapenzi ya mashabiki.

Mnyama Kindakindaki

Utopolo wa Yanga mnagombana wenyewe kwa wenyewe, mimi wa Simba naagiza soda.

Dada wa Amaan

Nyie wa bara mna taabu. Huku Unguja Fei ni mtoto wetu tangu yuko JKU, na hakuna aliyemwita msaliti ila wale waliokwishakunywa maji ya Kariakoo.

Juni 2024 fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF ilichezwa hapa New Amaan, Yanga na Azam, mpaka penalti baada ya kutofungana. Nilikuwepo. Nyuma yangu amekaa baba mmoja kavaa kijani na njano juu mpaka chini, kila Fei akigusa mpira yeye anazomea, sauti imemkauka. Kampakata mwanawe, kama wa miaka saba hivi. Yule mtoto akamwuliza, "Baba, huyu si Fei wetu?" Baba akamwambia atulie aangalie mpira. Dakika mbili hazijapita Fei akapiga pasi moja ya maana, mtoto akapiga makofi. Baba akamshika mikono.

Mwanangu, unamfundisha nini mtoto hapo? Mleta mada nakuunga mkono. Lakini na wewe usimfanye Fei malaika. Kuomba umma ukuchangie kwenda CAS huku una klabu inakusubiri mlangoni, hilo hata mimi lilinikaa vibaya. Angesema tu kwamba wapo wanaonitaka.

Fundi Jezi Kariakoo

Nitawaambia nilichokiona kazini maana mimi nabandika majina kwenye jezi. Januari ile walikuja wengi na jezi namba 6, wanataka jina litolewe. Ukiibandua ile nembo kwa pasi, gundi inabaki, jina linasomeka vilevile kwa mbali. Nawaambia kaka nunua mpya, wanasema hapana, weka Aziz Ki juu yake. Naweka. Jezi ina majina mawili mgongoni.

Sasa Aziz Ki naye ameshakwenda zake Wydad. Sijui wamebandika nani juu.

Mwananchi wa Mbagala

Fundi umenichekesha lakini jezi yangu hukuibandika wewe, ungeitambua.

Mleta mada umeomba mfano mmoja, nakuletea hoja badala yake. Unafiki wa shabiki ndiyo kazi ya shabiki. Mimi sitakiwi kuwa hakimu. Nikianza kumpenda Dube na kumpenda Fei kwa kipimo kimoja, nitabaki na nini cha kwenda nacho uwanjani? Machi 2024 Fei alitufunga, tukalala 2-1 kwa Azam, nilizima televisheni na chakula sikukigusa. Lile tumbo kuuma lilitoka kwenye mapenzi hayahaya unayoyaita unafiki. Msimu ule alifunga mabao 19, Aziz Ki 21, na mimi nilihesabu bao kwa bao nikiomba asimpite. Unaniambia nilitakiwa nimpigie makofi?

Viongozi ndio waliotakiwa kuwa na akili. Wao walikuwa na mkataba wa kijana mezani, walijua soko linasema nini, wangemwita mapema wakaongeze. Shabiki anazomea, kiongozi anahesabu. Kwetu kiongozi naye akawa anazomea.

Mleta mada

Hoja hii ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu jana, na nakubali sehemu kubwa. Zomea uwanjani dakika 90, ni haki yako, umelipa kiingilio. Sikatai.

Ila tofautisha mambo mawili. Kumzomea mtu akiwa na mpira ni mchezo. Kumfuata mama yake kwenye simu, kuandika chini ya picha za familia, kumwombea avunjike mguu, hayo yalifanyika na yakaitwa mapenzi ya klabu. Halafu uongozi unatumia kelele zetu kama rungu la mazungumzo: "mashabiki hawatakubali." Sisi tunadhani tunailinda klabu, kumbe tunasaidia kushusha mshahara wa mchezaji mzawa. Mgeni akitaka kuondoka ana wakala wake na ndege. Mzawa anarudi mtaani kwa watu haohao waliomtukana, ndiyo maana anasaini chochote.

Karani, nimekusoma. Sheria ilikuwa upande wa klabu, sibishi. Lakini klabu iliyoshinda kesi mara mbili ikaishia kumuuza ilishinda nini?

Karani wa Mikataba

Ilishinda ada ya uhamisho, mkuu. Bila zile kesi angeondoka kwa zile milioni 112 alizoweka mwenyewe.

Babu wa Tandale

Hapo sasa mmeanza kusema mambo ya watu wazima. La mama nakubaliana nalo, mama wa mtu haguswi. Kwa Fei mwenyewe sijabadilika.

Mnyama Kindakindaki

Soda imeisha. Niwaulize, Fei akija kwetu Msimbazi mtafanyaje?

Fundi Jezi Kariakoo

Mnyama, msimu ule wa mabao 19 si ndio Fei aliwatupa nyie Simba Kombe la Shirikisho Afrika? Mlilingana pointi 69 na Azam, wao wakaenda Ligi ya Mabingwa.

Mnyama Kindakindaki

Ndiyo maana tunamtaka.